Mara Moja Tu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu. Alijaza ndoo kwenye bomba la uani, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akamwamsha dada yake. Kazi mbili za kwanza zilikuwa nyepesi. Ya tatu ilikuwa vita. Dada alilala kama gogo, na ilibidi avutwe shuka, atekenywe nyayo na kutishiwa maji ya baridi ndipo afumbue jicho moja.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Majirani walimpa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka uliopita alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba dada yake amepata mchumba, kijana mmoja fundi rangi, kabla kijana mwenyewe hajajitambulisha nyumbani. Mama alizipata habari za mkwewe kutoka kwa muuza mkaa. Dada alikasirika mno. "Kukupa wewe siri," alimwambia, "ni kutia maji kwenye pakacha." Maneno hayo yalimchoma Chiriku, akaapa moyoni kwamba atabadilika.

Jumatatu moja alipoingia chumbani kumwamsha, alimkuta Dada yu macho. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya tumbo, anaitazama dari.

"Makubwa! Leo jua limetokea magharibi?" Chiriku alitania.

"Niache," Dada alisema, bila hata kugeuza shingo.

Nyumba yao ilikuwa ya watu watatu tu, kwani baba yao alifariki wakiwa wadogo. Mama alishona sare za shule. Dada, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili, alipiga pasi katika duka la dobi, na baada ya kuomba mara mbili bila mafanikio alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ushonaji na ubunifu wa mavazi. Masomo yangeanza baada ya miezi mitatu. Kila mteja aliyeingia kupimwa alisimuliwa na Mama habari za chuo hicho, atake asitake.

Siku hiyo alipotoka shule, Chiriku alipitia kwa dobi kama kawaida yake, akunje foronya na leso huku akimsubiri Dada. Kabla hajafika mlangoni alisikia harufu ya nguo iliyoungua. Ndani, dobi mwenyewe, mzee mpole kwa watu lakini mkali kwa nguo, alikuwa ameliinua shati jeupe juu ya meza. Mgongoni palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, kuanzia ncha hadi kisigino.

"Miaka minne hujaniunguzia hata kitambaa cha jasho," dobi alimwambia Dada. "Leo umepatwa na nini? Hebu toka nje, ukapate hewa."

Dada alitoka kwa mlango wa nyuma. Chiriku akazunguka nje ya duka kumfuata. Uwanja wa nyuma ulikuwa umejaa mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba, safu kwa safu, mtu asimwone mwenzake. Akasimama ghafla aliposikia kwamba Dada hayuko peke yake. Alikuwa na Mama Wanga, mfanyakazi mwenzake. Mama huyo alipewa jina hilo kwa sababu ya wanga wa kukazia kola za mashati, si ule wa watu wanaozunguka makaburini, ingawa wapo waliosema ulimi wake ulitosha kwa kazi zote mbili.

"Ilikuwa Jumamosi," Dada alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Mimi na mchumba wangu. Hatukutumia kinga. Sasa naogopa nitashika mimba."

"Mara moja tu?" Mama Wanga aliuliza.

"Mara moja tu."

"Aa, mara moja haishiki, shoga yangu. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka miwili ndipo nikapata wa kwanza." Kisha akaongeza: "Lakini hebu geuka nikutazame. Mh! Hiyo shingo inavyopiga! Shingo hiyo ni ya mjamzito."

"Mama Wanga! Ni juzi tu!"

"Mimba haina adabu ya kusubiri. Ukiona kichefuchefu kesho, ujue imeshaingia. Lakini usilie. Yupo mama mmoja anatengeneza dawa. Ni chungu, ila inasafisha kila kitu."

Chiriku alirudi nyuma, akakanyaga kikapu cha vibanio. Vibanio vikamwagika. Shuka likafunguliwa kama pazia, na Dada akawa amesimama mbele yake, uso umemwiva.

"Umesikia nini?"

Chiriku hakuweza kudanganya. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewafundisha habari za uzazi muhula ule, nusu ya darasa wakicheka na nusu wakitazama madawati, hivyo alijua vizuri ni jambo gani lililozungumzwa. "Nimesikia yote," alisema.

Dada alimshika mabega. Vidole vyake vilikuwa na joto la pasi. "Apa kwamba hutamwambia mtu. Ukimwambia Mama, mimi si dada yako tena. Umenisikia? Apa!"

Chiriku akaapa.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuishi. Jioni, Dada alimpigia simu mchumba wake, naye Chiriku, aliyekuwa akifanya hesabu za shule kwenye ukingo wa kitanda, alisikia sauti ya kijana ikitoka kwenye simu: "Usinitie wasiwasi bure. Mara moja tu ndiyo ikupe mimba? Watu wanatafuta watoto miaka." Kisha akasema yuko juu ya ngazi anapaka rangi, akakata.

Dada aliweka simu chini taratibu. Alikuwa hajala tangu jana. "Naona kichefuchefu," alisema. "Mama Wanga alisema kweli."

"Labda ni njaa, Dada."

"Wewe unajua nini? Chuo hawatanipokea na tumbo. Na Mama je? Ameshamwambia kila mtu. Mama ataniua."

"Mama hawezi kuua hata panya. Wiki iliyopita alipanda juu ya cherehani."

Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Leo Dada aliugeukia ukuta. Akaanza kulia, na Chiriku hakujua amfanyie nini. Alitaka kukimbia sebuleni, ambako Mama alikuwa akishona huku akiimba puani, amwambie kila kitu. Akakumbuka kiapo. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na la kusema, na ulimi ukamlalia mdomoni kama jiwe.

Jumatano asubuhi, alipokuwa akitandika kitanda, mkono wake uligusa kitu kigumu chini ya mto. Ilikuwa chupa iliyowahi kuwa ya soda, isiyo na karatasi yoyote. Ndani yake mlikuwa na maji meusi mazito, na hata kizibo kikiwa kimefungwa, harufu yake ilimpanda puani na kumtoa machozi.

Dada alimpokonya. "Usiguse."

"Ni ile dawa? Imetengenezwa na nini?"

"Sijui. Nimeambiwa inasaidia. Leo nimeomba ruhusa kwa dobi. Mama akishaondoka kupeleka sare, nitakunywa, na yote yatakwisha." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda shule, mdogo wangu. Na kumbuka ulichoapa."

Chiriku alikwenda shule, lakini mwili tu ndio uliofika. Mwalimu alimwuliza swali, akajibu swali la jana. Wenzake wakamwuliza kama ana homa. Kichwani mwake mlikuwa na chupa ile. Alijiambia kwamba Dada ni mtu mzima, anajua afanyalo. Kisha akajiambia kwamba Dada alisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hajui kilichomo. Anakunywaje mtu kitu asichokijua? Na akidhurika? Na wakimwita msaliti, si wameshamwita Chiriku?

Saa ya mapumziko alitazama dirishani, akashtuka. Mama yake alikuwa uani, kwenye kibaraza cha ofisi, futi ya kitambaa shingoni na chaki mkononi, akiwapima wanafunzi waliojipanga foleni. Sare alizoleta zilikuwa za shule yake yeye Chiriku! Basi Mama alikuwa hapa, na Dada alikuwa peke yake nyumbani.

Chiriku alijipanga kwenye foleni. Mbele yake walikuwa watoto wengi, na kila mmoja alipimwa mabega, kifua na urefu, tena Mama hakuwa mtu wa kupima haraka haraka. Hatimaye akafikiwa.

"Wewe!" Mama alicheka. "Vipimo vyako si ninavyo nyumbani? Au umenenepa tangu asubuhi?"

Chiriku alimkumbatia shingoni, akamnong'oneza sikioni. Alisema kwa kukatakata: Jumamosi, mchumba, hofu, chupa. Alipomaliza alijiandaa kwa kofi. Halikuja. Chaki ilianguka ikavunjika.

"Ameshakunywa?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Nimeapa nisiseme."

"Twende."

Walikimbia. Mama, ambaye kila siku alilalamikia magoti, alikimbia futi ikimpepea shingoni, watu wakisimama kuwatazama. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nyuma yake walisikia mtu akitapika.

"Fungua, mwanangu," Mama alisema. "Najua kila kitu. Fungua tu."

Komeo likasogea. Dada alikuwa amepiga magoti mlangoni, uso wa rangi ya majivu, na nusu ya dawa haikuwamo tena chupani. Alimtazama Mama, kisha akamtazama Chiriku. "Uliapa," alisema, akatapika tena.

Neno hilo moja lilimwuma Chiriku kuliko fimbo. Lakini hapakuwa na wakati wa kulia. Mama aliichukua ile chupa, akamwambia akasimamishe teksi iliyokuwa ikioshwa kando ya barabara, na dereva akawapeleka kituo cha afya na sabuni bado ikitiririka kwenye vioo.

Daktari aliinusa chupa, akakunja uso. Alimtundikia Dada dripu ya maji, akaagiza asiachwe peke yake hata dakika moja. Mama na Chiriku walikaa kwenye benchi la korido. Mama aliikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Chiriku alidhani kwamba dada yake atakufa, na kwamba kama angesema tangu Jumatatu yasingefika huku. Aliomba kwa maneno yote aliyoyajua.

Jua lilipopinda, kutapika kulikoma. Nesi mmoja, mama mnene mwenye sauti nene na mikono laini, akaja kuzungumza na Dada. Kwanza alimwuliza kama anataka wengine watoke.

"Wakae," Dada alisema kwa unyonge. "Wameshajua."

"Lakini huyu bado mtoto," Mama alisema, akimtazama Chiriku.

"Mtoto huyu ameshasikia uongo wote," nesi alijibu. "Ukweli utamdhuru nini?" Akavuta kiti. "Haya, binti yangu. Niambie ulichoambiwa."

Dada akamwambia: mara moja haishiki, shingo inayopiga, kichefuchefu, dawa ya kusafisha.

"Tuanze na la kwanza," nesi alisema. "Mara moja inatosha. Siku moja tu bila kinga inaweza kuleta mimba, na kuna watu miaka hawapati. Mwili hauhesabu mara ngapi. Siku zako za hedhi mara ya mwisho zilianza lini?"

"Kama wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo. Lakini huwa zinabadilika."

"Basi ilikuwa karibu na katikati ya mzunguko, na huko ndiko yai la mwanamke hutoka mara nyingi. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai mwilini hata siku tano zikilisubiri. Kwa hiyo uwezekano upo, na si mdogo. Lakini uwezekano si uhakika. Wengi waliokuwa katika hali yako hawakupata mimba, na wako waliopata. Nani ni nani, hakuna awezaye kusema kwa kutazama shingo. Kichefuchefu cha siku ya tatu nacho si cha mimba, ni mapema mno. Chako kilikuwa cha hofu na tumbo tupu."

Dada alifunika uso kwa mikono. "Kwa hiyo sitajua?"

"Utajua, lakini si leo. Kipimo cha mkojo kinaaminika wiki tatu baada ya siku ile. Ila lipo la kufanya leo. Kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Havitoi mimba iliyokwisha kuingia. Vinalichelewesha yai lisitoke. Vinasaidia hadi siku ya tano, na kila siku inayopita nguvu inapungua. Ungekuja Jumapili au Jumatatu vingekuwa na nguvu zaidi. Leo bado vinaweza kusaidia, ila siwezi kukuahidi."

"Nipe," Dada alisema.

"Nitakupa. Nimesubiri tumbo litulie, usije ukavitapika." Nesi akashusha sauti. "Kuna jingine. Kinga hainusuru na mimba tu, inanusuru na magonjwa pia. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, lakini lazima ianze ndani ya siku tatu. Hiyo umechelewa. Wewe na mchumba wako mtapima, na mtarudi kupima tena."

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Chiriku alihesabu kwa vidole: Jumatatu, siku aliyoapa, dawa zote mbili zilikuwa bado zinawezekana. Machozi yakamtoka, safari hii hakuyazuia.

Wiki zilizofuata nyumba yao ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Dada alirudi kazini, akapiga pasi bila kuongea. Nyumbani alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Usemi wake kwa Chiriku ulikuwa "nipishe" na "zima taa". Mama aliacha kuwasimulia wateja habari za chuo. Siku za hedhi zilipochelewa, Dada alisahau kwamba nesi alimwonya vidonge hivyo vinaweza kuzichelewesha. Alikaa sakafuni akalia bila sauti, na Chiriku akakaa karibu naye. Dada hakumwambia "nipishe". Baada ya muda mrefu aliegemeza kichwa kwenye bega la mdogo wake, wakabaki hivyo.

Siku ya kipimo walikwenda wote. Mchumba alikuwa amewatangulia langoni, rangi ya kijani kwenye kucha, kofia ameikunja mikononi kama taulo. Mama hakuitikia shikamoo yake mara moja. Alimtazama kuanzia viatu.

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyesema mara moja haishiki?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulisoma wapi?"

"Niliambiwa, Mama. Na rafiki yangu kazini."

"Na huyo rafiki?"

Kijana aliikunja kofia tena. "Naye aliambiwa."

"Basi," Mama alisema, "wote mmepanda ngazi, na aliyeishikilia chini hayupo. Ingia ndani."

Walingoja. Nesi alitoka na kipimo mkononi, na Chiriku alijaribu kuusoma uso wake, asione kitu. "Hakuna mimba," nesi alisema.

Dada hakupiga kelele. Alikaa pale pale kwenye saruji, akalia kama mtoto aliyepatikana baada ya kupotea sokoni. Vipimo vya damu, vyake na vya mchumba, navyo vilikuwa salama, ila waliagizwa kurudi baada ya miezi kuhakikisha. Nesi aliwaweka tena chini, akawaeleza njia za kupanga uzazi, akawaambia kwamba anayewaza jambo kama hili aje siku ile ile, bila kusubiri shingo ipige.

Njiani kurudi nyumbani, mchumba akiwa nyuma hatua kadhaa na hajathubutu kusogea, Dada alimshika Mama mkono.

"Mama, ningekuja kwako Jumapili ile, ungefanya nini?"

Mama alijibu bila kupunguza mwendo. "Ningefoka. Ningefoka mpaka sauti ikauke. Kisha ningekupeleka kwa nesi, siku hiyo hiyo." Akasimama, akawageukia wote wawili. "Hasira ya mzazi inapita, wanangu. Kile kilichokuwa kwenye chupa kingeweza kukuchukua moja kwa moja. Ukipatwa na jambo la mwili wako, usiliulize barazani, wala usilifungie chumbani. Mwulize aliyesomea, na mapema, kwa sababu dawa ina saa yake. Na wewe," alimwambia Chiriku, "siri ya mtu ni amana, uitunze. Lakini siri inayoweza kumzika mwenyewe si siri tena, ni moto. Aonaye moto hupiga kelele, hata kama ameapa."

Dada alimvuta Chiriku karibu. "Nilikuambia mimi si dada yako tena," alisema. "Nisamehe. Kama ungenitii, leo ningekuwa wapi?"

Muhula ulipofunguliwa, Dada aliingia chuoni. Siku moja kabla Dada hajaacha kazi kwa dobi, Mama Wanga alimvuta kando nyuma ya mashuka. Safari hii hakuwa na dawa wala shauri. Aliangalia huku na huku, akauliza kwa sauti ndogo isiyo yake: "Huyo nesi wako anapatikana siku gani? Nina binti yangu nyumbani."

"Kila siku," Dada alimjibu. "Lakini msisubiri kesho. Twendeni leo, nitawasindikiza."